Mfuko Usio na Nembo

Jumanne na Ijumaa, kabla ya saa moja asubuhi.
Si usiku wa kuamkia, maana mbweha wa Winterthur
nao husoma ratiba.
Mfuko uwe ule wa jiji, wenye nembo,
unaouzwa kumi kumi dukani, kando ya sigara:
ushuru wa kutupa umo ndani ya bei yake.
Chupa za kijani zisilale na za kahawia.
Karatasi ifungwe kwa kamba, si kwa gundi.
Maganda ya viazi yana pipa lake,
mafuta ya kukaangia yana siku yake,
na paka aliyekufa ana namba ya simu.

Haya nimeyasema miaka kumi na tisa.
Watoto wa shule wananiita Bibi Pipa.
Hainiudhi.

Anayeficha mfuko mweusi chini ya mifuko halali
anadhani giza limemlipia.
Mfuko huo huletwa kwangu.
Nina meza ya bati, glavu hadi viwikoni,
kibano, taa, na dirisha lisilofungwa hata Januari.
Sheria yataka jina na anwani,
si harufu, si uvumi, si jirani kaona.
Kwa hiyo nasoma.
Nimesoma risiti za divai za mtu aliyeapa kuacha,
kipimo cha mimba kilichoviringishwa ndani ya soksi,
mtihani wa hesabu uliochanwa
vipande vidogo kuliko kosa lenyewe.
Sisemi. Naandika jina, naandika mtaa, nafunga.
Ila mtu hujifunza: hakuna taka
ambayo siku moja haikutakwa.

Leo Tschudi kaniletea mmoja kutoka upande wa Töss.
"Mwepesi," akasema. "Huyu anakula peke yake."
Kweli. Maganda ya mayai, mawili mawili.
Makopo ya samaki, yale madogo.
Betri za kifaa cha kusikilizia, kama punje za dengu.
Kalenda ya mwaka jana
isiyo na hata tarehe moja iliyozungushiwa wino.
Na chini kabisa, imelowa kahawa,
bahasha.

Mwandiko niliujua kabla sijausoma:
ile K iliyoinama kama mtu anayeegemea ukuta,
tuliyofundishwa na mama, sote wawili, meza moja.
Köbi Zbinden. Mtaa, namba, ghorofa.
Na nyuma, jina la mtumaji, kama posta wanavyopenda:
Regula Zbinden.
Mimi.

Haikufunguliwa.
Gundi ingali imeshika. Gundi ile niliilamba mwenyewe
Novemba, baada ya rasimu tano.
Ilihusu saa ya ukutani ya mama:
kwamba aichukue.
Kwamba haijatembea tangu niitundike kwangu.
Miaka sita hatusemezani
kwa ajili ya saa inayosema saa nne na robo
mchana na usiku.

Tschudi kasimama mlangoni, kikombe mkononi.
"Umepata jina?"

Ningeweza kusema hapana.
Bahasha ni karatasi; ningeitia kwenye karatasi,
ikafungwa kamba, ikapikwa, ikawa
trei ya mayai ya mtu anayekula mawili mawili.

"Nimepata," nikasema.

Kanuni ya tisa, kifungu kidogo cha pili:
faini hupelekwa kwa barua ya rejista.
Mleta barua habanduki mlangoni
mpaka mpokeaji atie sahihi,
na asiyeifungua hudaiwa mara mbili.

Nikachapa. Faranga mia na ishirini.
Nikatia sahihi taratibu, herufi moja moja.
Na pale penye Maelezo ya Kosa,
ambapo huandika "mfuko usio na nembo",
nikaandika: mfuko usio na nembo.
Kisha, kwa kalamu, chini yake:
Tangu lini husikii vizuri?